Kabla Hajaoga

Machi 3

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, ukiondoa hilo nitakalokueleza sasa hivi. Naandika barua kwa sababu simu ya nyumba hii imesafiri na kaka yako kwenye lori, na ya jirani nikiongea nayo mtaa mzima unakuwa umesikia, na hili si jambo la mtaa mzima.

Ni Kipipa. Mtoto halali. Nikimlaza usingizi unamchukua vizuri tu, halafu anaanza kujikuna huko nyuma, pale pa kukalia, anajikuna mpaka analia, na macho bado kayafumba. Kukikucha amechoka, hashikiki. Kikombe chake kikiwa upande huu analia, nikikihamishia upande ule analia. Mwalimu wa chekechea kaniita, kaniambia, "Mama Kipipa, mwanao hakai kitako. Nikimkalisha anajisugua kwenye mkeka, na wenzake wameshaanza kumwiga wakidhani ni mchezo." Eti nimrudishe nikiwa na karatasi ya hospitali inayosema ana nini.

Basi nikampeleka zahanati. Wakasema damu. Wifi, mkono wa mtoto wa miaka mitatu ni mkono wa kutafutia mshipa? Walichoma huku, wakachoma kule, mwisho wakasema nirudi siku nyingine. Tangu hapo mtu akivaa shati jeupe Kipipa anaingia uvunguni. Muuza maziwa naye kakosa nini, masikini. Nimemwahidi mwanangu kwamba sindano haitamgusa tena. Akanishika kidole akaniuliza, "Kweli mama?" Nikasema kweli. Sasa nimejifunga mwenyewe.

Lakini hayo yote madogo. Kubwa ni kwamba kaka yako, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, kamweleza Mama yote kwenye simu. Na Mama kanitumia salamu kwamba mwisho wa mwezi anakuja kumchukua Kipipa, "akae kwangu kidogo, apate matunzo." Wifi, wewe unaijua "kidogo" ya mama yako. Sufuria yangu kubwa aliiazima kidogo.

Wewe ndiye mpimaji katika hospitali ya maana. Nakuomba, hakuna namna ya kumpima mtoto bila kumchoma? Nikijua ana nini, akatibiwa, akalala, basi Mama atakuja atamkuta mzima na hatakuwa na sababu ya kumbeba. Ila usiniambie ni minyoo, maana dawa ya minyoo walimezeshwa chekechea nzima majuzi tu.

Najua unaishi na Mama nyumba moja. Barua hii asiione.

Mimi wifi yako,
Mama Kipipa


Machi 7

Wifi,

Ni minyoo.

Nisamehe kwa kuanza bila salamu, lakini umenizuia kusema kitu kimoja tu, na ndicho hicho hicho. Mtoto anayejikuna nyuma akishalala ana ile minyoo myembamba, myeupe, kama vipande vya uzi wa kushonea. Akishalala, majike yanatoka nje kutaga mayai pale pale kwenye ngozi, na hapo ndipo anapowashwa. Kwa hiyo hata ungepeleka choo chake kikapimwa, mara nyingi wasingeona kitu. Na damu ndiyo kabisa. Hao wa zahanati wamemtoboa mtoto bure.

Dawa aliyopewa chekechea inaua minyoo, mayai haiyawezi. Yakianguliwa, safari inaanza upya.

Kipimo kipo na hakina sindano. Ni selotepu. Usicheke, ni hivyo hivyo kama unavyosikia. Alfajiri, kabla hajaamka, kabla hajaenda chooni, kabla hajaoga, unamfungua makalio kidogo, unabandika upande wenye gundi pale kwenye ngozi, unabandua, halafu unailaza selotepu juu ya kipande cha kioo. Nimekuwekea vioo kwenye hili boksi la kiberiti. Mtoto hata hatajua. Ahadi yako haivunjiki. Ukimaliza mpe kondakta wa basi, aache ofisi ya vifurushi, aandike "maabara". Asiandike jina la nyumbani.

Mama ameshaanza kukunja nguo za safari. Ananiuliza tangu lini umekuwa mtu wa barua. Nimemwambia unaniuliza habari za mishono.

Wifi yako


Machi 10

Wifi,

Barua yako mara ya kwanza nimeisoma nimesimama, mara ya pili nikaona afadhali nikae.

Minyoo. Kwangu. Wifi, mimi kazi yangu ni kufua. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni nzima, watu wasiojulikana walikotoka wanalala juu ya kazi ya mikono yangu na hakuna aliyewahi kulalamika. Maji ya kunywa nachemsha, ya kuoshea matunda nachemsha, karibu nichemshe na ya kufulia. Shuka la Kipipa nalikung'uta kila asubuhi dirishani. Sasa hiyo minyoo imepitia mlango gani, naomba unieleze, maana mimi milango yangu naijua.

Lakini nimefanya ulivyosema, kwa sababu ya mtoto. Nilinyata kama naiba kitu kwa mtu. Nikamfunua polepole, nikabandika, nikabandua. Hakuamka. Alisema tu, "Nzi, ondoka," akageuka.

Selotepu niliyotumia ni ya kufungia maboksi, ile imara, ya kule kazini. Kulikuwa na nyingine za watoto wa shule, nyembamba, nikaona kwa kazi nzito kama hii niache mchezo.

Ukitazama kwenye darubini yako ukaona hakuna kitu, nakuomba uniandikie karatasi yenye muhuri kwamba mtoto ni safi. Nitambandikia mwalimu mlangoni.

Mama Kipipa


Machi 13

Wifi,

Umenitumia selotepu ya kahawia.

Naomba tuelewane. Kwanza ni hadubini. Darubini ni ya kutazamia mwezi. Pili, hadubini inataka mwanga uingie chini utokee juu, na ile selotepu yako hata jua lenyewe haliwezi kuipenya. Nimekaa pale nimetazama giza. Bosi wangu kapita nyuma yangu akaniuliza, "Unatafuta nini humo?" Nikasema namtafuta mtoto wa kaka yangu. Maabara nzima imekuwa na furaha tangu asubuhi, isipokuwa mimi.

Nataka ile inayoonekana ng'ambo. Ibandike juu ya gazeti. Kama huwezi kusoma, usinitumie.

Na usiniambie habari za kuchemsha maji, mimi sijasema wewe ni mchafu. Nimesema mtoto ana minyoo. Hizo ni habari mbili.

Mama amekata tiketi. Tarehe thelathini.

Wifi yako anayechekwa


Machi 16

Wifi yangu,

Haya, nimeipata. Nimeibandika juu ya gazeti lililofungiwa sabuni, nimesoma habari za mtu aliyepotelewa na mbuzi, neno kwa neno. Nadhani sasa utaridhika. Nimefanya yote kama ulivyosema na selotepu imo humu, kioo nimekifunga na pamba kisivunjike.

Sina la kuongeza ila hili. Kipipa kila asubuhi anavaa mkoba wake anakaa mlangoni. Namwambia leo hakuna chekechea. Ananijibu, "Ipo, nawasikia." Na kweli wanasikika, wanaimba. Jana tumepita pale nje, akachungulia, akaona kile kigingi chake cha kutundikia mkoba kina mkoba wa mtoto mwingine. Hakulia, wifi. Huyu anayelilia kikombe. Alivua mkoba akanipa nimshikie, tukaendelea na safari.

Tafadhali tazama vizuri.

Mama Kipipa


Machi 19

Wifi yangu mpenzi, mke wa kaka yangu, mama wa mtoto,

Mafuta ya mgando.

Nimeona mapovu ya mafuta, makubwa kwa madogo, yamejaa kutoka pembe hadi pembe. Na pembeni nimeona kitu kama unga, nikakitazama sana, nikamwita mwenzangu atazame, akasema, "Dada, hii ni poda ya watoto." Ulimpaka poda. Mtoto alikuwa anakwenda kupigwa picha?

Nilisema kabla hajaoga. Nimeirudia barua yangu kichwani nikidhani labda nilisahau kuandika. Sikusahau. Yale mayai yanakaa juu ya ngozi, wifi. Ukimwogesha umeyamwaga pamoja na maji, halafu unaniletea mimi ngozi inayonukia vizuri. Hainisaidii ngozi inayonukia vizuri.

Mama leo kaniambia usoni kwamba mtoto wa watu anateseka kwa sababu mama yake yuko hodari kwa mashuka ya wageni kuliko ya nyumbani kwake. Nimejibu kwamba si kweli, akanitazama kama mtu aliyenikamata, akauliza, "Wewe umejuaje?" Nikasema maji yanachemka, nikakimbilia jikoni. Sitaweza kukimbilia jikoni kila siku. Nipe kitu cha kusema.

Wifi


Machi 21

Wifi,

Ndiyo, nilimwogesha. Haya, nimesema.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimpeleke mwanangu kwa shangazi yake, tena chini ya mashine inayokuza kila kitu, akiwa ameamka hivi hivi? Mgeni akija kwangu hata kiti nakifuta kabla hajakikalia. Sasa wewe nikutumie kule kwa mtoto hata maji hakujapita, wenzako wasimame kuzunguka wasome ukoo wetu. Nilimwogesha kwa heshima yako. Poda ilikuwa ni heshima ya kuzidi, hiyo nakubali.

Na maneno ya Mama umeyaleta ya nini? Nilikuwa nimeinua ndoo wakati naisoma hiyo barua, nimeiweka chini, nimesimama nayo hapo uani mpaka mwenye nyumba ya wageni akaniuliza kama nimepatwa na kitu. Nikamwambia sabuni imeniingia machoni.

Safari hii hakuoga. Nakuapia kwa kichwa cha mwanangu, hakuoga, hakupakwa mafuta, hakutiwa poda. Tazama sasa. Kama ipo iwepo, kama haipo isiwepo, mimi nimechoka.

Mama Kipipa


Machi 24

Wifi,

Nimetazama mwenyewe, nimempa mwenzangu akatazama, tumebadilishana viti tukatazama tena. Hakuna. Kioo ni kisafi, hakuna mafuta, hakuna poda, hakuna yai.

Sijui nikuambie nini. Mpaka jana ningeweka mkono motoni kwamba ni minyoo. Kama mtoto hakuoga kweli, na umeapa, basi labda nimekosea, na inabidi tutafute kingine. Ngozi, mzio, sijui. Kwa hayo yote watataka damu. Naandika neno hilo nikijua linaingia wapi. Mlete hapa, nitamshika mimi mwenyewe, nitatafuta mwenye mkono mwepesi.

Ama Mama amlete. Yeye anakuja tarehe thelathini, na mimi sina tena hoja ya kumzuia. Leo kaniuliza mbele ya majirani, "Mpimaji wangu, umempima mjukuu wangu?" Sijui nani kamwambia. Nikasema nimempima. "Ana nini?" Nikasema sijaona kitu. Akapiga makofi taratibu. "Kama si ugonjwa, ni malezi."

Wifi yako


Machi 26

Wifi,

Nimeisoma hiyo "kama mtoto hakuoga kweli" yako. Hakuoga. Nilimchamba tu.

Aliamka alfajiri ana haja, sasa nimwambie aizuie mpaka shangazi yake aridhike? Akaenda, akamaliza, nikamchamba kwa maji ya uvuguvugu kama mtu yeyote anavyomchamba mtoto wake, nikamfuta, ndipo nikabandika. Hiyo ni kuoga? Kuoga ni kuoga, kuchamba ni kuchamba. Hata huyu Kipipa ukimchamba ukamwambia umeshaoga atakukatalia. Wewe umesoma, una hadubini, ungeshindwa nini kuandika "kabla hujamchamba"? Ningeelewa mara moja. Mwezi mzima tunatupiana barua kwa neno moja.

Nimeandika hapo juu kwa hasira, nimeenda kuanika, nimerudi. Ngoja nikwambie ukweli, maana naona nimebaki na ukweli tu.

"Kabla hajaenda chooni" niliisoma. Sikuisahau. Nilijiambia haina maana sana, nikajiambia si kuoga, nikajiambia hivi na vile. Nilikuwa naogopa. Wewe ni wifi yangu na nakupenda, lakini ni binti wa mama yako, mnakula meza moja. Nikafikiri, siku akiiona hiyo minyoo kwa macho yake, hata akikaa kimya, kila nikimwandalia chakula ataitazama mikono yangu. Na Mama akijua, basi tena, mtoto amechukuliwa kwa uchafu wangu. Halafu wewe unasema hakuna kitu, na Mama anamchukua kwa malezi yangu. Nikionekana nayo nimekwisha, nisipoonekana nayo nimekwisha. Nilikuwa nataka umwone mgonjwa na usimwone mchafu, nikawa nasafisha kile kile ninachokuomba ukitafute.

Leo nimeamka kabla yake. Ndoo ya maji ya uvuguvugu niliiweka pale pale miguuni kwa mazoea, hata sijui niliijaza saa ngapi. Kalala kifudifudi, kakunja magoti kama anavyolala. Nikamfunua. Nikauona, wifi. Mmoja, mweupe, mfupi kuliko ukucha, unajinyonga taratibu kama uzi uliochomoka kwenye pindo. Kwenye mwili wa mwanangu. Mikono yangu yote miwili ilikwenda kwenye ndoo yenyewe. Ilishalowa. Ilibaki kidogo tu nimmwagie.

Nikajifuta mikono kwenye kanga. Nikabandika selotepu yako, nikabandua, nikailaza kwenye kioo. Ndipo nikamwosha, nikakaa chini sakafuni nikalia kidogo, na yeye akaamka akaniuliza nani kanichoma sindano.

Kwa hiyo sihitaji tena uniambie ana nini. Ninachotaka ni karatasi na dawa. Ukitaka mwambie Mama, ukitaka usimwambie. Aniite mchafu mimi, sawa, nitaitwa. Ila mtoto wangu alale, na sindano asichomwe.

Mama Kipipa


Machi 28

Wifi yangu,

Imejaa. Mayai nimeyaona bila hata kutafuta, upande mmoja yamebinuka na upande mwingine yamelala bapa, hayafanani na kitu kingine chochote. Nilipiga meza kwa nguvu mpaka bosi akaja. Karatasi yenye muhuri imo humu. Dawa imo humu, yako, ya Kipipa na ya kaka yangu akirudi. Mmeze, mrudie baada ya wiki mbili, kwa sababu ya mayai. Mkate kucha fupi. Na samahani sana kwa hili ninalotaka kusema, najua ni kazi yako: shuka usilikung'ute. Ukilikung'uta mayai yanaruka kama vumbi, mnayavuta, mnayameza. Likunje kwa ndani, liende moja kwa moja kwenye maji ya moto.

Kuhusu "kuchamba". Umenishinda. Kuanzia leo kila mama anayekuja hapa namwambia maneno yote, kuoga, kunawa, kuchamba, kufuta, kupangusa. Wananitazama kama nimepungukiwa.

Sasa sikiliza. Uliandika kwamba mimi ni binti wa mama yangu. Nililala na hilo neno. Leo alfajiri, kabla sijaoga, kabla sijachamba, nikajipima mwenyewe. Sitakueleza nilivyojipinda.

Imo.

Mimi ninayenawa mikono kazini mpaka ngozi inachubuka. Ulipomleta Kipipa kwetu Desemba alilala kitanda kimoja nasi, kati yangu na Mama, na asubuhi tulikuwa tunagombania nani alipigwa teke zaidi. Sijui nani alimwambukiza nani, na sitaki kujua. Lakini nyumba moja inameza dawa pamoja, ndiyo kanuni, kwa hiyo ilibidi nimwambie Mama.

Nimemwambia jioni hii. Nimemwambia yote, ya kwako, ya kwangu, na ya kwamba yeye naye inawezekana. Ameingia chumbani na begi lake, kafunga mlango kwa ufunguo. Tiketi iko kwenye pochi, na pochi iko naye. Nimegonga, nimeambiwa niende nikapime watu wangu.

Sijui kama kesho kutwa atapanda basi au hatapanda. Nakuandikia ili ujue, usije ukashtukia mlango unagongwa.

Wifi yako, mwenye minyoo


Machi 29

Mama Kipipa,

Wifi yako amenipa habari ambazo mtu wa umri wangu hapaswi kupewa na mtoto aliyemzaa. Nikamwambia hajui kazi. Akasema, basi kubali nikupime. Nikakataa. Akanifuata jikoni, nikakataa. Alfajiri ya leo nimekubali kwa sharti kwamba taa izimwe. Akasema taa ikizimwa haoni. Tumebishana mpaka maji ya chai yakakaukia jikoni. Nimebandikwa selotepu. Sitaongeza neno juu ya jambo hilo.

Amekwenda nayo kazini, amerudi mchana. Alivyoingia tu nikamjua. Tangu mdogo akiwa amenishinda anavua viatu polepole.

Mimi nilikuwa nimeshawaambia watu hapa kwamba nakwenda kumtoa mjukuu wangu kwenye uchafu. Niliwaambia wengi, mmoja mmoja na kwa pamoja. Sasa nitawaambia nini sijui, lakini hilo ni langu, wewe usilibebe. Nilikuwa nalala na mume wangu huyo mdogo, nikimlisha kwa vidole hivi hivi, halafu nikakaa huku nakuhesabia wewe makosa.

Tiketi nimempa jirani anayekwenda kumwona binti yake. Siji. Mtoto abaki kwako. Amesema wifi yako kwamba ulimpima mara nne na hakuchomwa hata mara moja. Mimi ningemshika nikamwambia anyamaze wamchome.

Dawa nimetafuna. Ina ladha ya chaki iliyotiwa sukari.

Niandikie mashuka niyafanyeje. Binti yangu akinieleza ananipigia kelele kama mimi ni kiziwi. Ukishasoma, barua hii ichane.

Bibi yake Kipipa


Aprili 4

Shikamoo Mama,

Barua nimeipata na nimeichana kama ulivyosema, vipande vidogo vidogo, nimevitia jikoni kwenye moto. Kabla ya hapo nilikuwa nimeisoma mara kadhaa. Hilo hukunikataza.

Mumeo mdogo hajambo. Dawa ameitafuna akaomba nyingine. Siku za kwanza aliendelea kujikuna kidogo, sasa analala mpaka namwekea mkono puani kuhakikisha. Mimi ndiye nimebaki macho, namsikiliza kama anajikuna, namsikia anakoroma tu, nakasirika kwamba nimeamka bure, halafu nafurahi, halafu kunakucha. Amesharudi chekechea. Ile karatasi ya muhuri iliyotutoa roho sote, mwalimu hakuifungua. Aliikunja akaitia mfukoni, akasema, "Haya, mwache aingie." Nikamwambia asome. Akasema atasoma. Nimesimama pale mlangoni mpaka amesoma.

Mama, umeniuliza mashuka, basi nisamehe nikisema kama mtu wa kazi. Usiyakung'ute. Najua mkono unataka kukung'uta, hata wangu ulikuwa unataka. Yakunje yakiwa kitandani, upande wa kulalia uwe ndani, uyabebe mbali na uso. Maji yawe ya moto ambayo mkono hauvumilii, sabuni ya kawaida inatosha. Yaanike juani yakauke kabisa. Foronya usizisahau, na taulo, kila mtu awe na lake. Asubuhi ukiamka oga kwanza. Baada ya wiki mbili mtafune dawa tena, hata kama hamwashwi, na wewe ndiye umkumbushe wifi, maana waganga hujisahau.

Na kucha, Mama. Uzikate zote fupi. Hata ile ya kidole kidogo unayoiacha ndefu.

Ukitaka kumwona mumeo, njoo wakati wowote, mlango upo wazi. Kitanda chako nitakitandika mwenyewe. Yeye atalala na mimi.

Mkweo,
Mama Kipipa